Kichupa cha Fiston

Sijui mama mkwe atanitazamaje Jumapili. Kazi yangu labo ni kupima sperme, yaani mbegu za kiume, za makako, wale nyani wa maabara, nazo zikipoa zinakufa. Jana umeme ulikatika, basi nikaficha kichupa ndani ya sidiria kisipoe, nikapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, kuelekea labo nyingine yenye umeme, kule Simi-Simi.

Njiani mama mkwe akanisimamisha, yuko na wamama wa kwaya. Akanikumbatia kwa nguvu, kichupa kikachomoka, kikaanguka miguuni pake. Akakiokota, akasoma: "Sperme. Fiston."

Bwana wangu anaitwa Augustin.

"Fiston iko nani?"

"Iko makako, mama."

Akakiinua kichupa mbele ya kwaya nzima, akafumba macho, akaanza kuniombea. Nami nilichowaza ni kwamba kinapoa.