Dobi wa Palma Anamtafuta Mwanamke Mwenye Trei

Saa kumi alasiri, ndani ya ghala la zamani la nazi kavu mjini Palma, Biubwa binti Nuro anasimama kando ya shuka jeupe lililotandazwa ukutani. Madirisha yamezibwa kwa magunia. Picha inacheza, maneno ya Kireno yanapita chini yake, naye anayasoma upesi upesi na kuyasema kwa Kiswahili kabla hayajafutika.

"Bwana anamwambia mkewe, nakwenda safari ya kazi. Mwongo mkubwa! Mtazameni macho."

Wanawake wapatao sitini wanaangua kicheko. Hilo la uongo halikuandikwa popote. Katia chumvi mwenyewe.

Biubwa, mwenye miaka thelathini na minane, ni dobi. Hufua nyumbani kwa ofisa mmoja wa forodha, Mreno, na mke wa ofisa huyo, Dona Inês, ndiye aliyemfundisha kusoma. Jumamosi husimulia sinema. Zamani zilionyeshwa mara tatu kwa wiki, lakini mwaka huu wa 1971 mafuta yanakwenda kwenye malori ya jeshi, na ikifika saa kumi na mbili jioni raia haruhusiwi kuonekana barabarani. Nusu ya mtaa wake wamevuka mto Ruvuma kukimbia vita, dada yake akiwemo.

"Tuliobaki tunataka pa kuchekea," anasema.

Sasa, huku pwani huwezi kumtaja mtu hivi hivi tu. Watu watakuuliza ni nani na katoka kwa nani. Kwa hiyo Biubwa humpa kila mtu wa sinema jina na ukoo. Mtumishi mweusi, ambaye karibu kila picha huingia na trei, akasema neno moja na kutoka, alimwita Mwanawetu. Kwa miaka sita alikuwa Mwanawetu yuleyule. Picha zenyewe zimechakaa, na kitambaa cha kichwani kinamfika mtumishi kwenye nyusi. Biubwa mwenyewe aliamini kabisa kuwa ni mwanamke mmoja anayehama nyumba.

"Leo kaajiriwa na nani?" wanawake walikuwa wakiuliza, hata kabla taa hazijazimwa.

Mwaka jana Dona Inês alimwonyesha gazeti lenye habari ya Hattie McDaniel wa Marekani. Mwaka 1940 mama huyo alikuwa mweusi wa kwanza kupewa tuzo kubwa kabisa ya sinema ya huko, kwa kuigiza mtumishi, na siku ya kuipokea alikalishwa meza ya pembeni. Biubwa hakungoja kumaliza kusoma. Aliacha nguo kwenye beseni akatoka mbio.

"Mwanawetu kapata tuzo!"

Mama wee, vigelegele! Bi Zaida, jirani yake anayekaribia miaka sabini, alipika sinia zima la wali wa nazi.

"Kapewa kwa kubeba trei?" Bi Zaida alishangaa. "Basi mimi na wewe wangetujazia nyumba."

Mwezi uliopita Biubwa aliliomba tena gazeti lile, alisome hadi mwisho. Lilisema Hattie McDaniel alifariki mwaka 1952, na kwamba tangu tuzo yake wanawake weusi wanne walitajwa kuiwania, wala hakuna hata mmoja aliyeipata.

"Niliusoma mwaka ule mara mbili," anasimulia. "Picha ya wiki ile ilikuwa na magari mapya mapya. Kama mwenzetu kafa zamani, trei kabeba nani?"

Hapo akatambua kwamba alikuwa amewafanya wanawake wengi kuwa mmoja. Aliona aibu, na hofu pia, maana Shaibu, mwenye ukumbi, alimwonya asithubutu kusema.

"Ukiwaambia umewadanganya miaka sita, hawarudi," alisema Shaibu. "Na wasiporudi, kazi huna."

Jumamosi iliyopita, kabla ya picha kuanza, Biubwa alijikaza akasema.

"Mama zangu, Mwanawetu si mmoja. Ni wengi, na kosa ni langu. Nisameheni."

Wawili walichukua makubazi yao wakaondoka. Waliobaki wakamgeukia Bi Zaida.

"Wali wangu ulikwenda bure," alisema bibi huyo. "Haya, huyu wa leo jina lake nani?"

"Silijui, Bi Zaida."

"Kalitafute. Tutakuja kulisikia."

Ndiyo maana leo Chaquir, mwendesha mashine, ambaye kwa kubania mafuta huzima injini ya umeme wapenzi wakishakumbatiana, ameombwa aiache izunguke hadi mwisho. Ni saa kumi na moja na dakika arobaini. Majina ya waigizaji yanaanza kupanda, na Biubwa anayasoma kwa sauti: bwana, bibi, daktari, dereva wa teksi, hata polisi aliyeonekana mara moja tu mlangoni.

Kisha shuka linabaki jeupe.

"Yuko wapi?" anauliza Bi Zaida.

"Hayumo."

"Ala! Kawapikia picha nzima!"

Nje askari anapuliza filimbi, na wanawake wanatoka haraka huku wakibishana la kufanya. Biubwa ameshanakili jina la kampuni ya sinema kiganjani. Kesho ataandika barua kwa Kireno, Dona Inês aisahihishe, na kila picha atakayoisimulia mtumishi wake atatafutiwa jina vivyo hivyo.

"Tuzo hatuwaombi," anasema, akiharakisha kufunga mlango. "Hiyo waliitoa mara moja wakachoka. Watupe jina tu, tumwite."