Nesi Aliuliza Kama Ana Fiti

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa fundi wa kushona nguo Matisi, Kitale, na neno fiti lilikuwa mdomoni mwangu kutwa. Mteja akija kuchukua rinda, nilimwambia alivae tulifiti. Likimkaa vizuri limefiti, likimbana halijafiti. Vijana waliopita mbele ya kibanda waliulizana, "Niaje?" na jibu likawa, "Fiti sana." Jirani yangu, fundi wa baiskeli, alikuwa kila saa anafiti cheni. Hata mama yangu kule Chwele, ambaye Kiingereza alikisikia redioni tu, akipona malaria alisema, "Sasa niko fiti."

Kwa hivyo mdogo wangu wa mwisho alipojiunga na kidato cha kwanza, katika shule moja ya bweni ya wasichana huko Bungoma, neno hilo alilijua vizuri. Au ndivyo alivyodhani. Siku ya kuripoti walipangwa foleni, na nesi wa shule akawa anamuuliza kila mmoja maswali kwa Kiingereza, mbiombio, bila kuinua macho. Zamu yake ilipofika, nesi akauliza, "Do you get fits?"

Mtoto akajinyoosha, akajibu kwa sauti, "Yes, madam. Very fit."

Alidhani anaulizwa kama ana afya njema. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Kiingereza hichohicho kinalitumia neno hilo kwa mtu anayeanguka kifafa. Nesi hakuuliza la pili. Alimpa pole, akamwita anayefuata.

Sisi nyumbani hatukujua lolote mpaka siku ya wazazi kutembelea. Nilifunga kibanda nikakutana na mama mjini Bungoma, amebeba kuku na chapati. Tulimkuta msichana amekonda, macho yako chini. Nilipotaka kumtilia soda alitoa kikombe cha plastiki kilichochorwa msalaba mwekundu.

"Hii alama ni ya nini?" mama akauliza.

"Ni ya kuonyesha ni changu. Wengine wasikiguse."

Tulimtoa maneno moja moja kama miiba. Hachezi hoki. Analala peke yake, kitanda cha kando ya mlango wa metroni. Bwaloni anakula pembeni, kwa sababu wasichana wameambiwa mate yake yataambukiza. Akishika meza, wanaipangusa. Aliona aibu kutuambia, na alipojaribu kumweleza metroni kwamba yeye si mgonjwa, aliambiwa wenye ugonjwa ule wote husema hivyo.

Mama aliwafunika kuku wake akasimama. Tulienda moja kwa moja ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu, naye akamwita nesi. Mdogo wangu alieleza alivyoulizwa na alivyojibu. Walitazamana, halafu wakacheka. Walicheka kabisa, mbele ya mtoto.

"Pole, mama," naibu akasema. "Ni Kiingereza tu. Ni kosa dogo."

Nikamuuliza, "Mwalimu, mlimwona akianguka hata siku moja?"

"Hapana."

"Na mama yake mlimwita mumuulize?"

"Dada yangu, watoto hapa ni wengi."

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie nilichokuwa nacho, lakini mama alinigusa mkono. Alimuuliza naibu, "Sasa kile kikombe?"

"Kimeisha, mama. Leo anahama, atakula na wenzake. Atabaki yule mwingine peke yake."

"Yule mwingine gani?"

Naibu akamtazama nesi. Mdogo wangu ndiye aliyejibu. Kulikuwa na msichana wa kidato cha pili mwenye kifafa kweli, na muda huo wote walikuwa wanakula pamoja pale pembeni.

Mama alikuwa ameinuka tuondoke; akaketi tena. "Mwalimu, mimi nilikuja na hasira ati mtoto wangu amesingiziwa. Kumbe hiyo ndiyo ndogo. Ndugu yangu kule Bumula aliishi na hiyo ugonjwa. Tulikula naye sahani moja mpaka akaoa, akazaa. Nani aliambukizwa? Si hata mimi niko hapa?"

"Mama, huo ndio utaratibu wa shule," naibu akasema, na akatufungulia mlango.

Mdogo wangu alihamishwa jioni hiyo. Likizo ilipofika alinisimulia yaliyofuata. Siku ya kwanza ya kula na wenzake alichukua sahani yake, akarudi pembeni, akaketi karibu na yule wa kidato cha pili na kunywa uji kutoka kikombe cha huyo mwenzake, bwalo zima likitazama. Metroni alimpa adhabu ya kuosha sufuria. Kesho yake akarudi palepale. Mwisho wa mwaka meza ile ilikuwa na wasichana wengine wawili, lakini si mwalimu wala nesi aliyewahi kutamka kwamba walikosea.

Uvumi nao haukungoja gari. Siku moja nilikuwa na mama sokoni Chwele, mwanamke muuza vitunguu akamshika bega. "Nasikia mtoto wako huanguka. Pole sana, bana."

Nilingoja mama aseme ni uongo. Neno moja tu lingemsafisha mtoto.

"Na akianguka," mama akamuuliza, "wewe utamwinua, ama utakimbia?"

Mwanamke akabaki anapanga vitunguu. Mama akachagua vyake, akalipa. Nilimkasirikia njia nzima ya kurudi nyumbani kwa kutomtetea mtoto wetu, na tulikuwa tumefika mlangoni ndipo nikaelewa alikuwa anamtetea nani.