Siku Tulipohamia Setilaiti Mpya

Setilaiti mpya iliporushwa, mimi na wenzangu ofisini Changamwe tuliacha kazi tukaitazama kwenye kompyuta. Ilipojitenga na roketi, bawa lake moja la kunasa jua lilikataa kufunguka. Hatukurudi kazini mpaka lilipofunguka. Baada ya wiki kadhaa ikafika mahali pake juu ya ikweta, inakozunguka sambamba na dunia, hata kwetu huonekana imesimama palepale.

Kazi yetu ilikuwa kuunganisha meli na nchi kavu. Setilaiti kuukuu ilikuwa ikiishiwa mafuta. Siku ya kuhama ingezimwa saa sita mchana, na kila meli igeuze dishi lake kuelekea ile mpya.

Asubuhi ya siku hiyo, katika meli iliyokuwa siku tatu kutoka bandarini, bomba la mvuke lilipasuka likamuunguza fundi mitambo kifua na shingo. Walimlaza chumba cha usukani, karibu na simu ya setilaiti. Daktari, mama mmoja wa Likoni, akaja kuketi kando yangu, akawa anamwelekeza nahodha namna ya kumhudumia.

"Koo limeanza kuvimba," nahodha alisema saa sita kasorobo.

Niliwaomba wasimamizi wa setilaiti wangoje. Walinipa dakika kumi. Hazikutosha; sauti ya nahodha ilikatika katikati ya neno.

Meli nyingine zilirudi moja moja kwenye skrini. Ile haikurudi.

"Dishi lao bado linaitafuta ile kuukuu," nikamwambia daktari.

"Wallahi, mwanangu, yule hana nusu saa. Fanya jambo!"

Tulikuwa na redio ya kale ya masafa marefu. Ilikoroma, lakini nahodha alinisikia. Nikamtajia nyuzi za pembe ya kuelekezea dishi, tarakimu moja moja. Akazirudia, akakosea. Nikataja tena, sasa nikipaza sauti. Mara ya nne akapatia.

Meli yao ikawaka kijani kwenye skrini. Daktari akaninyang'anya simu.

"Mkalishe wima! Usimlaze! Sasa ile dawa ya sindano..."

Hakuinuka pale mpaka alasiri. Fundi alipona, ingawa sauti ilibaki ya kukwaruza. Nayajua hayo kwa sababu alikuja mwenyewe ofisini, kitambaa shingoni, akauliza ni nani aliyekuwa akipiga kelele redioni. Wenzangu wakaninyooshea kidole.

"Nilikusikia," akasema. "Sauti yako ilikuwa ikitetemeka."

"Sana," nikamjibu.