Waithira Anakunywa Vizuri

Huku kwetu, juu kidogo ya Ruring'u, mwanamume akisikia mke wake ameshikwa na uchungu hakukimbilia maji ya moto. Alikimbilia jembe. Mkunga wetu, Murugi, akifika mlangoni aliuliza swali moja kabla hata ya kusalimu: "Shimo liko wapi?"

Kusema kweli sikumbuki siku aliyokataa kumzalisha mtu kwa sababu ya shimo. Lakini hakuna baba aliyetaka kuwa wa kwanza kujaribu.

Murugi alikuwa mjane mfupi, aliyevaa koti la jeshi la marehemu mume wake, mikono imemfika hadi kwenye kucha. Hakusoma hata darasa moja. Miaka ile baada ya Uhuru, kila mtu alipopata kipande chake cha shamba, tulikata miti yote iliyozunguka chemchemi yetu ya Gathima tukapanda viazi. Viazi vikazaa. Maji yakaanza kupungua. Sisi tukasema ni Mungu. Murugi akasema, "Mungu hana panga."

Hakuhubiri zaidi ya hapo. Alianza tu kutaka shimo. Kila mtoto aliyempokea, baba yake alichimba shimo pale Gathima, la kufika goti la Murugi, na yeye mwenyewe aliingia ndani kulipima. Kisha akapanda mkuyu au mringa, miti inayotunza maji, mche aliouotesha nyuma ya jiko lake, na mti ukapewa jina la mtoto. Sheria ilikuwa moja: mti wa mtoto hauguswi na mtu yeyote ila mama yake.

Sasa mwambie mama asiumwagilie maji mti wenye jina la mtoto wake! Na kwa kuwa sisi huwapa watoto majina ya babu na nyanya, tulikuwa na akina Wangechi sita pale Gathima. Mtu akipiga kelele "Wangechi anakauka!", wanawake sita walishika ndoo. Siku moja nilisikia jirani akilia, "Mbuzi anamla Ngendo! Ameshamaliza kichwa!" Mgeni mmoja wa kutoka Timau alikuwa ameshafunga viatu aende Kiganjo kuita polisi.

Kufika mwaka wa themanini miti ilipita sitini, na maji yalikuwa yamerudi. Debe langu lilijaa kabla sijamaliza Baba Yetu mbili. Ndivyo nilivyopima, kwa sababu sina saa.

Sasa nieleze kosa langu.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Kuku akichelewa kuingia, mimi huwa nimeshamwona mwewe. Binti yangu wa kwanza, Waithira, alizaliwa mwaka wa sabini na moja. Mume wangu Ngatia ni fundi wa nguo, na siku hiyo alikuwa amevaa suruali aliyoipiga pasi mwenyewe. Alichimba bila kupiga goti. Murugi alipoingiza mguu shimoni, udongo haukufika hata kwenye kifundo.

"Ngatia, hili ni shimo la kutosha yai."

"Mvua, mama. Na suruali."

Mimi nilikuwa napiga mayowe nyumbani hadi wakanisikia kule Gathima, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kubishana.

Waithira alipofika miaka mitatu alishikwa na surua. Wiki hiyo hiyo mkuyu wake ulikauka. Kwa mtu kama mimi, hayo hayakuwa mambo mawili. Jumamosi nilienda soko la Nyeri kwa Rashid, muuza miche.

"Unataka mti gani, mama?"

"Ule unaokua haraka."

"Haraka namna gani?"

"Mtoto ni mgonjwa."

Rashid alinitazama, akanipa mche wenye majani ya rangi ya majivu. Ulikuwa mkaratusi, ule tunaouita munyua-mai, yaani mnywa maji. Niliujua. Lakini mtoto alikuwa anakohoa. Jumapili nilijifanya naumwa tumbo, na watu wote wakiwa kanisani nikang'oa mkuyu mkavu nikapanda huo mwingine hatua nne kutoka kwenye jicho la chemchemi.

Waithira alipona. Mti nao ulikua kana kwamba ulikuwa na deni na mbingu. Watu walidhani Murugi ndiye aliyeuchagua, na nani angemuuliza Murugi? Mama mkwe wangu, ambaye binti yetu amechukua jina lake kama ilivyo desturi, alijaa kiburi. Aliwapeleka wageni wa kanisa kuutazama.

"Mnaniona? Wengine walipewa mikuyu. Mimi nilipewa huu. Murugi anajua watu."

"Lakini Cucu, mbona mti unanuka dawa ya kifua?" mgeni mmoja akamuuliza nyanya huyo.

"Sisi ni watu wa afya."

Murugi mwenyewe hakunisema kwa mtu. Ila kila tulipokutana njiani alinitazama, akavuta ugoro, akasema, "Waithira anakunywa vizuri." Miaka kumi! Sentensi hiyo moja iliniharibia usingizi kuliko watoto wote wanne.

Ukaja mwaka wa themanini na nne, mwaka wa unga wa manjano wa msaada. Mvua haikunyesha. Gathima ikawa uzi. Debe langu sasa lilichukua Baba Yetu kumi na tisa, na nyuma yangu foleni ya wanawake iliyotukanana hadi njia kuu. Ndipo Kahiga, mwenyekiti wa kamati ya maji, akaita mkutano pale pale chemchemini, na msumeno begani.

"Maji yanaenda wapi?" akauliza. "Yananywewa na miti! Murugi mwenyewe amepanda munyua-mai mlangoni mwa chemchemi. Kama alikosea huo, amekosea yote. Tukate yote sitini, tuuze mbao, tununue pampu."

"Murugi, jibu basi!" mtu akasema.

Murugi alikuwa amekaa juu ya jiwe ndani ya koti lake. Alitazama miti yake, mmoja mmoja, akina Wangechi wote. Kisha akanitazama mimi.

"Mti ni wa mama," akasema. "Nikivunja sheria kwa mmoja, kesho kila mtu atakata wa mwenzake. Mama ndiye wa kusema."

Mdomo wangu ulikauka kuliko Gathima. Waithira alikuwa amebakiza wiki tatu afanye mtihani wa mwisho wa mwaka. Na mama mkwe alikuwa pale mbele, juu ya kigoda.

"Ni mmoja tu unaokunywa," nikasema. "Ni wangu. Si Murugi aliyeupanda. Ukateni."

"Wako?" mama mkwe akageuka. "Huo ni mimi!"

"Hapana, mama. Wewe ulikauka mwaka wa sabini na nne. Huu nilinunua kwa Rashid."

"Ati mimi ni wa kununuliwa!"

Kahiga alicheka hadi akaweka msumeno chini, na alipouweka Murugi akaukanyaga.

"Kateni huo mmoja," akasema. "Siku kumi. Maji yasipoongezeka, anzeni na yangu yote."

Waliukata siku hiyo hiyo. Msumeno ulipoanza kulia, nilikimbia nyumbani. Nikamkuta Waithira akifanya hesabu.

"Unasikiaje? Kichwa? Kifua?"

"Nasikia njaa, mami."

Mti ukaanguka kwa kishindo kilichotikisa sufuria. Binti akalamba kalamu, akaandika jibu.

Siku ya kwanza, Baba Yetu kumi na tisa. Ya tatu, kumi na tisa, na Kahiga akaja kunoa msumeno karibu yangu makusudi. Ya sita, kumi na saba. Nikadhani nimesali polepole, nikarudia. Siku ya kumi, bila tone la mvua, kumi na mbili. Nililia mbele ya debe kama mtu aliyefiwa. Kahiga akajaza la mke wake, akabeba msumeno wake akaenda, bila kwaheri.

Jioni hiyo Murugi alikuja kwetu na mche wa mkuyu mkononi. Ngatia alikuwa ameketi kwenye cherehani.

"Shimo liko wapi?" akauliza.

Ngatia alivua suruali nzuri, akavaa ya kazi, tukateremka wote hadi Gathima. Mama mkwe, ambaye hakuwa amesema nami siku kumi, alibeba kigoda chake mwenyewe akakaa ukingoni. Ngatia alichimba hadi jasho likamwingia machoni.

"Imetosha?" akauliza.

Murugi akakunja koti, akataka kuingia apime. Mama mkwe akamzuia kwa fimbo.

"Chimba, Ngatia," akasema. "Mimi si yai."