Maji ya Moto kwa Mwiba wa Tasi

Mkoba wa kazi wa Gaudensia haukosi kipimajoto. Si cha homa, ni cha maji ya beseni. Kila asubuhi anazunguka mitaa ya Thamesmead, huko ughaibuni, kwa basi, nyumba hii na ile, kuogesha wazee ambao watoto wao wako mbali, au wako karibu na hawana nafasi. Hakuna mzee anayeguswa na maji kabla kijiti kile hakijatumbukizwa. Lorraine, supervisor wake, humtolea mfano kwa wafanyakazi wapya. Miaka yote ya kazi hiyo hakuwahi kumuunguza mtu. Wa kwanza alikuwa mama yake mzazi.

Mama alitoka Mikindani kuja kumlea mjukuu wake, Angel, ili Gaudensia apate kufanya shifti zake. Mama wa watu halalamiki ovyo, lakini kwenye samaki uvumilivu ulimshinda. Samaki wa huku, alisema, hana kichwa wala mkia, utajuaje unakula nini? Basi Jumamosi moja Gaudensia akapita duka la samaki Woolwich, akakuta tasi wamelazwa juu ya barafu, wazima na miiba yao. Akawabeba hao mpaka nyumbani.

Mama alifurahi, we acha tu. Akavua soksi, akakaa chini jikoni na beseni katikati ya miguu, kama alivyozoea, akamwita Angel aje aone samaki wa kwao.

"Huyu ni mla majani," akamwambia. "Tazama mdomo wake, mdogo kama wa sungura. Akiwa mtoto anakaa kwenye majani ya baharini na wenziwe, kundi zima. Akikua anahamia mwambani, anachuna mwani kwenye mawe."

Akampasua mmoja aliyekwisha kukatwa miiba, akauvuta utumbo. Ulikuwa mrefu, umejiviringa, na ndani yake kijani kitupu. Majani hayasagiki upesi, akaeleza, ndiyo maana kapewa utumbo wa namna hiyo. Ngozi yake akaipapasa: magamba yapo, ila madogo hata jicho linayakosa. Kisha akamchukua wa pili na kumwonyesha Angel miiba: kumi na mitatu mgongoni, saba nyuma ya tumbo, minne kwenye mapezi ya chini. Kila mwiba una vijifereji pembeni, sumu imelala humo, imefunikwa na ngozi nyembamba. Samaki mwenyewe hakurukii. Ukimbana, ngozi inachanika, sumu inaingia.

"Hana meno ya kung'ata, hana mbio za maana," mama akasema. "Na huyu hata akifa, mwiba wake haujafa."

Hapo hapo tasi akamponyoka, akaanguka kwenye mguu wake, mwiba ukazama karibu na vidole. Gaudensia aliyekuwa kwenye sinki aliona damu. Mama bado alikuwa anaongea.

"Mama, tasi kakuchoma."

Mama akautazama mguu. "Ee," akasema. "Kanichoma."

Sasa niambie wewe, nani anachomwa na tasi akajibu hivyo? Wanaume wenye ndevu zao hulia. Lakini Gaudensia alijua mama yake amezaa watoto sita bila kupiga ukelele, akaona ni ujasiri ule ule. Akawasha birika.

Kwao dawa ya mwiba wa tasi ni maji ya moto, na si ushirikina. Sumu ile ni kama ute wa yai, ikipata moto inaharibika. Na kwao hakuna anayepima maji hayo. Kipimo ni mgonjwa mwenyewe: unaongeza moto kidogo kidogo mpaka aseme basi. Gaudensia akautia mguu wa mama kwenye beseni la maji, akamimina.

"Bado," mama akasema. "Ongeza."

Gaudensia akaongeza. Mkoba wa kazi ulikuwa unaning'inia mlangoni, karibu kabisa, na hakuufikiria. Mganga hajigangi. Akachemsha birika lingine.

"Bado."

Angel ndiye aliyesema, kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia ila hakisemi, kwamba mguu wa bibi unachubuka. Gaudensia akautoa mguu haraka, na ngozi ikabaki majini.

Hospitalini aliwapokea nesi Jacqueline, Mkenya wa Kakamega. Aliuliza kwa upole maji yalipimwa na nani, na Gaudensia alitamani ardhi impasukie. Akasema ukweli: yeye, na hakupima. Jacqueline akachukua kijiti butu, akagusa nyayo za mama hapa na pale. "Mama, unasikia? Na hapa?" Mama akageuzia uso ukutani. Nesi akapima sukari, akaikuta juu sana, akatikisa kichwa.

Walipobaki wawili, mama akasema, "Miguu hii ilikufa ganzi tangu mwaka jana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeanza kunishika kama wale wazee wako. Mimi nilikuja kulea, Gaude. Sikuja kulelewa."

"Na kule kusema niongeze?"

"Nilikuwa nasubiri yaume. Maji ya tasi lazima yaume."

Gaudensia alikasirika, kisha akaona aibu kumkasirikia mtu aliyelala na mguu uliofungwa bandeji. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini huyu alikuwa mama yake, na yeye, ambaye kazi yake ni kutazama miili ya wazee, hakuwahi kumtazama miguu.

Wiki ya pili daktari alimwita pembeni. Vidole viwili vimekwisha kuwa vyeusi, akasema, vitakatwa. Gaudensia akarudi kitandani wakati Jacqueline anabadilisha bandeji, akamweleza mama yote bila kuficha.

Mama hakulia. Alikuwa chali, macho darini.

"Vidole vipi?" akauliza.

Gaudensia akavaa glovu, akakishika cha mwisho pamoja na jirani yake, polepole.

Mama akangoja, macho bado darini. Kisha akasema, "Si unionyeshe basi."

Gaudensia alikuwa bado amevishika.