Rubani Aliyeshuka Kabla ya Kuruka

Alasiri, jua likiwa bado kali, mwanamke mmoja amesimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, nje ya geti la mizigo la uwanja wa ndege. Mkono mmoja umeshika sponji, mwingine umekinga macho. Ndoo ya maji ya sabuni iko miguuni pake. Ndani ya geti kuna ndege inayomsubiri aioshe, matope yamekauka tumboni mwake, lakini yeye haitazami. Anatazama angani.

"Imechelewa," anasema.

Mama chai, ambaye kibanda chake kiko hapo hapo jirani na geti, anamjibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye vikombe.

"Hata jana ulisema imechelewa. Ikaja."

"Jana si leo, mama."

Anayemsubiri ni rubani mwenzake, baba wa mapacha, ambaye wote hapa humwita Tabasamu. Kiti anachokalia Tabasamu kwenye ndege ya mizigo kilikuwa cha mwanamke huyu. Alikikalia muda usiotosha hata kukipasha moto, kisha akashuka mwenyewe kwa miguu yake. Tangu hapo, kila ndege ile inapoondoka, hagusi chakula mpaka irudi.

Mbele ya kibanda cha mama chai kuna benchi la mbao. Marubani wasio na kazi wanalijua kuliko wanavyojua vitanda vyao. Kampuni ndogo za ndege za kukodi na za mizigo hazina desturi ya kutangaza nafasi. Rubani msaidizi akiugua, au akichukuliwa na kampuni kubwa, kapteni hutoka getini, huagiza chai, hutupa jicho benchini na kuuliza nani yuko tayari. Kama hukuwepo, imekula kwako. Ndiyo maana hata mwenye homa huja kukaa.

Huyu wetu amekaa hapo miaka miwili, mpaka wakamwita Rubani wa Benchi. Jina halimchukizi. Kinachomuuma ni saa. Ana saa mia mbili na kumi za kuruka, na kampuni nyingi zinataka elfu moja.

"Ukiomba kazi wanakuuliza umeruka saa ngapi. Ukiwaambia nipeni kazi nizipate, wanasema nenda kazitafute kwanza," anaeleza. "Sasa nikazitafute wapi, sokoni?"

Akaamua kuosha ndege. Anasugua wadudu waliogandia mbele ya mabawa, anafuta mafuta yanayochuruzika chini ya injini, anapiga magoti kusafisha magurudumu. Anachopata kwa mwezi hakifiki nusu ya kodi ya chumba chake; panapopungua hujazia mama yake, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyemsomesha urubani huku akiziogopa ndege kama kifo.

Mama huyo hupiga simu kila jioni. Katika miaka yote miwili hajawahi kuuliza kama kazi imepatikana. Huuliza, "Umekula?" basi.

"Najua anachouliza," anasema binti yake. "Na yeye anajua kwamba najua."

Kiti kilipatikana miezi miwili iliyopita. Kapteni mmoja anayejulikana kama Ndevu alitoka getini, akanywa chai yake nusu, akamnyooshea kidole. Wewe. Mwanamke akakimbilia chooni, akavaa sare ambayo kila siku aliibeba ndani ya mfuko wa plastiki. Safari ilikuwa ya kupeleka betri za magari na maboksi ya vigae kwenye kiwanja kidogo nyuma ya milima.

Hapa msomaji anapaswa kujua jambo moja. Ndege ndogo za mizigo zina mlango mkubwa nyuma. Makuli wanapopakia, husimamisha chuma chini ya mkia ili ndege isije ikakaa kitako. Chuma hicho wenyewe wanakiita mkongojo. Kupakia kukiisha, rubani msaidizi huenda kuutoa. Ukitoka kwa mkono mmoja, mzigo umekaa sawa. Ukigoma, ujue mkia umeuegemea, yaani mzigo umeelemea nyuma. Na ndege iliyoelemewa nyuma ikishaiacha ardhi huinua pua, ikainua tena, na rubani anaweza kushindwa kabisa kuishusha.

Siku hiyo mkongojo uligoma.

"Niliuvuta kwa mikono miwili. Nikatia na mguu. Haukucheza hata kidogo."

Msimamizi wa makuli aliangua kicheko. "Dada, panda tu! Mkikaa wawili huko mbele mkia utainuka, sisi tutautoa. Kila siku ndivyo tunavyofanya."

Ndevu alikwisha kaa ndani, anagongagonga saa yake ya mkononi. Mwanamke akapanda. Na kweli, mkia uliinuka kidogo. Msimamizi akauchomoa mkongojo na kuunyanyua juu kumwonyesha kwamba hakuna tatizo.

Yeye akafunga mkanda, na hapo hofu ikamwingia.

"Nilijiuliza, kama uzito wangu mimi ndio unaoishikilia hii ndege, huko juu itashikiliwa na nani? Kiti nimekililia miaka miwili, nimekipata, na sasa nakiogopa."

Akasema, "Kapteni, naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Mkongojo uligoma."

"Si umetoka? Wewe unataka kazi au hutaki?"

Swali hilo analisikia hadi leo akifumba macho. Alifungua mkanda, akafungua mlango, akaanza kushuka ngazi mgongo ukielekea nje, kama alivyofundishwa.

Mguu wa pili haujagusa lami, ndege ikaanza kuinua pua. Injini ilikuwa haijawashwa, kwa hiyo ilikuwa kimya. Iliinuka polepole, gurudumu la mbele likaning'inia, mkia ukashuka mpaka ukajipigiza chini kwa mshindo uliowafanya makuli walio mbali wageuke. Kapteni Ndevu alibaki kule juu, amefungwa mkanda, uso ukitazama mawingu. Hakuna aliyecheka.

"Mimi nilikaa kwenye lami nikalia kama mtoto."

Utadhani alishukuriwa. Wapi! Mwenye kampuni alikuja, akauzunguka mkia uliopinda, akataka kujua nani aliyeshuka bila ruhusa. Kabla ya jua kuzama habari zilishafika benchini kwamba kuna rubani mwoga anayeangusha ndege iliyoegeshwa. Wenzake wakamtania kwa methali: kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Mama chai ndiye aliyewaziba midomo.

"Na ubawa si anao?" aliwauliza. "Lipeni chai zenu."

Mkia ukanyooshwa, ndege ikarudi kazini, na kiti akapewa Tabasamu.

"Sikumlaumu. Ana midomo miwili nyumbani inayolia kwa pamoja," anasema. "Nilimwita pembeni nikamwambia: kabla hujapanda, utikise mkongojo. Ukigoma, usipande. Akacheka, akasema sawa mama mkwe."

Jua limeanza kulegea. Ndege mbili zimetua, si ya Tabasamu. Upande wa milima kumetanda wingu zito, na maongezi benchini yamepungua. Kijana mmoja anajaribu kuleta utani: "Aliye juu mngoje chini, ndiyo kazi yetu hapa." Anajikuta anacheka peke yake.

Rubani wa Benchi anatazama milimani. Sponji imekauka mkononi. Midomo yake inacheza, na ukisogea karibu unasikia anachosema: "Pua chini. Pua chini, kaka yangu."

Mama chai naye ameacha kuosha vikombe.

Kisha mlio unasikika, mdogo, upande wa wingu. Anautambua kabla ya wote. Ndege inatokeza winguni, inateremka na kutua salama, na yeye anaketi juu ya ndoo yake iliyojaa maji, sketi yote inalowa, hana habari.

Tabasamu anapotoka getini, hana tabasamu. Anamfuata moja kwa moja.

"Mkongojo umegoma leo," anasema. "Tulipokuwa tunapakia kurudi. Umegoma kabisa."

"Ukafanyaje?"

"Nikasimama pale chini. Nikamwambia Ndevu sipandi. Alinitazama, nikajua nimeshafukuzwa kazi. Akashuka mwenyewe, akautikisa. Akawaambia makuli, shusheni vyote, pangeni upya. Basi. Ndiyo maana tumechelewa."

"Ndevu? Mwenyewe?"

"Ndevu mwenyewe, dada."

Mwanamke anamshika mkono. Wanakaa hivyo mpaka mama chai anawaletea vikombe viwili.

Jumatatu ijayo anakwenda kwenye usaili. Kampuni ya ndege za kukodi, inayobeba abiria na mizigo kidogo, imempigia. Sauti kwenye simu iliuliza swali moja tu: "Ni wewe yule aliyeshuka?" Akajibu ni yeye. Akaambiwa aje na leseni yake. Hajui kama anaitwa kuajiriwa au kutazamwa kama kioja.

"Naogopa wasinichukue," anasema. "Na naogopa wakinichukua. Lakini saa zangu ziko huko juu, haziwezi kunifuata hapa."

Jioni simu inaita. Ni mama yake. Anamwambia habari za Jumatatu, na kwa mara ya kwanza mama haulizi kama amekula.

"Hiyo ndege yao, ina ule mkongojo?"

"Inao, mama. Nitautikisa."

"Na ukigoma?"

"Nitashuka."

Upande wa pili cherehani inasikika ikizunguka kidogo, kisha inasimama.

"Basi nenda, mwanangu."