Nyota Moja kwa Samaki wa Mbezi

Mke wangu hachoki kuniuliza: "Wanakulipa?" Hawanilipi. Mie nakata tiketi za mabasi stendi ya Mbezi Luis, mchana nala mgahawani, na kabla sijafika nyumbani Kibamba nimeshawaandikia watu mtandaoni chakula kilikuwaje. Nisipoandika nawashwa. Nikiandika ndo balaa zaidi, maana kila saa nafungua kuangalia nani kasoma.

Juzijuzi nilikosa raha kabisa. Abiria mmoja alimpa nyota moja mama ninayekula kwake: "Samaki kachacha. Msiende." Kachacha wapi? Siku ileile nilikula samaki wa sufuria lilelile. Wageni wanachagua pa kula kwa simu, na mabenchi ya yule mama yakaanza kubaki wazi. Nikamjibu yule abiria. Nikamjibu tena, kwa hasira. Mtu mwingine akaandika chini yangu: "Huyu ni mumewe." Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Mwishowe nikaona bora nimwambie yule mama mwenyewe. Simu yake ni ya kitochi, haina intaneti, alikuwa hajui lolote. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Sasa mbona hakuniambia mie? Ningembadilishia."

Iliniuma. Sie tunajijua: mpishi akiuliza kama ni kitamu, unasema kitamu, hata kama unatafuna mchanga. Ya moyoni unayapeleka kwenye simu.

"Na wewe umeniandika nini?"

Nikamsomea: wali wa nazi unavyochambuka, samaki changu alivyokolea ndimu, na anavyokuongezea mchuzi kabla hujaomba. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Soma tena, baba."

Nikasoma. Akasema miaka yote watu wanakula, wananawa, wanaondoka zao.

Jana aliniwekea sahani, akasimama pembeni yangu. "Leo utaandika nini?"

Maharage yalikuwa yameungua. Nikatafuna, mkono uko mfukoni penye simu.

"Yameungua, mama."

Akanitazama. Akayaonja, akakunja uso, akaondoka na sahani na kurudi na mchicha na samaki.

"Ndo hivyo tu nilivyotaka na yule abiria aseme," akaniambia, akaenda kuhudumia wengine.

Jioni mke wangu akauliza nimeandika nini leo. Nikamwambia sijaandika. Akanishika paji la uso aone kama nina homa.